Namba ya Mzazi

Nyumba ya Mariana pale Masumbwe haikupiga yowe la msiba, na majirani walikuwa hawajaisamehe. Duara, shimo la wachimbaji, lilipotitia mwezi wa tatu, nyumba nyingine sita zililia siku ileile. Wanawake walitoka nje na kulia mpaka sauti zikakauka, watu wakaja na kuni na masufuria kama inavyotakiwa. Kwa Mariana watu walikuja pia, wakakaa kwenye mikeka wakisubiri aanze. Yeye akawaletea chai.

"Baba Asteria hajafa," aliwaambia. "Simu yake inaita."

Na kweli ilikuwa inaita. Hilo hakuna aliyeweza kumbishia. Mita sitini chini ya ardhi hakuna mtandao, na kila mtu wa machimbo analijua hilo kuliko anavyoijua Baba Yetu. Na kila mtu alimjua Mayala Ndaki, mume wake, kwamba simu yake haiachi juu. Alishaibiwa mbili kambini, tangu hapo akawa anaifunga kwenye mfuko wa nailoni na kushuka nayo. Basi kama simu inaita, iko juu. Na kama simu iko juu, mwenyewe naye yuko juu, mahali fulani. Hesabu hiyo Mariana aliipiga asubuhi ya Jumanne, akaridhika nayo, hakuirudia tena.

Wengine walikuwa na majibu yao lakini hayakutosha. Jina la Mayala halikuwa kwenye daftari la mwenye duara, kwa sababu aliingia siku hiyo kuziba nafasi ya mtu. Waliomwona akishuka walishuka naye. Waokoaji walitoa miili minne, udongo ukaanza kuteremka tena, duara likafungwa na waliobaki wakabaki. Mdogo wake Mayala, Nkwabi, alikuja kumkabili shemeji yake mbele ya watu.

"Shemeji, tumlie ndugu yetu."

"Mlieni nyinyi kwenu. Hapa hakuna maiti."

Jumatano simu iliacha kuita. "Chaji imemwishia," alisema Mariana. Tangu siku hiyo, kila jioni saa kumi na mbili, alikaa kwenye kigoda mlangoni akapiga. Yule mwanamke wa kwenye mtandao akamwambia kila jioni kwamba namba anayopiga haipatikani kwa sasa. Mariana aliizoea sauti ile hadi akawa anaijibu. "Na wewe hujachoka," alikuwa akiiambia, kisha anaingia ndani kusonga ugali wa watu wawili.

Mtu wa pili alikuwa Asteria, binti yao, kidato cha nne. Yeye alijua simu ile ilikuwa inaitia wapi.


Shule ya kata ilikuwa imeingia kwenye mradi wa darasa lisilo na karatasi. Vililetwa vishikwambi arobaini na tano, antena ikapandishwa juu ya paa, wageni wakapiga picha na wanafunzi na kuzirusha mitandaoni siku hiyohiyo kabla hata chaja hazijafunguliwa. Madaftari yakapigwa marufuku. Nukuu, maswali, majibu na alama, vyote vikakaa humo ndani, na kila darasa likawa na kundi lake la wazazi la WhatsApp.

Halafu kulikuwa na namba ya Jumatatu. Kila Jumatatu asubuhi kishikwambi kilijifunga, kikamtaka mwanafunzi namba sita, na namba hizo zilitumwa kwenye simu ya mzazi ili mzazi ajue mtoto yuko darasani. Waliobuni jambo hilo walikuwa na nia njema, na bila shaka wazazi wao walikuwa watu wa ofisini. Kwenye meza ya Mwalimu Gregory kuliwekwa kitochi, simu ndogo ya vitufe, kilichoitwa simu ya darasa, na wanafunzi walipanga foleni. "Shikamoo baba, nisomee namba." "Mama, siyo hiyo, iliyokuja sasa hivi." Ambao wazazi wao walikuwa shambani au malishoni au shimoni walisimama barazani mpaka wapatikane. Wengine walisimama mpaka mchana.

Mwezi wa pili Asteria alisimama barazani Jumatatu tatu mfululizo. Jumapili iliyofuata alimfuata baba yake uani akinoa sururu.

"Baba, kesho iache simu juu. Nina jaribio la kemia. Nikikosa kuingia naandikiwa sifuri."

"Wataiiba."

"Mwachie Davis wa kuchaji. Nitapiga, atanisomea namba."

Mayala alicheka. "Haya, mheshimiwa," alisema, maana ndivyo alivyomwita alipotaka kumkubalia jambo.

Jumatatu saa mbili na nusu asubuhi Asteria alipiga kwa simu ya darasa, na Davis, kutoka kibanda chake cha kuchajia simu pale kambini, akamsomea namba moja moja bila haraka. Akaingia. Akapata themanini na mbili. Saa sita mchana duara likatitia.

Kesho yake mama yake alitoka nje na simu sikioni, uso umemng'aa. Asteria alifungua mdomo kusema. Alitaka kusema kwamba simu iko mezani kwa Davis katikati ya nyaya, na haimaanishi kitu. "Inaita, mwanangu, hebu sikiliza," mama yake akasema, akambandika simu sikioni, na ikawa inaita. Asteria akaufunga mdomo. Alifikiri ataufungua kesho, na kesho ile ikawa miezi saba.

Miezi hiyo yote kishikwambi chake kilimwandikia maneno yaleyale. *Mzazi: Mayala Ndaki. Tumetuma namba kwa mzazi wako. Subiri.* Alilichukia neno la mwisho. Kazi alizifanya akikaa na Hosiana kwenye dawati moja, kwenye kishikwambi cha Hosiana, na Mwalimu Gregory, ambaye hakuwa mtu mbaya, alizinakili pembeni. Lakini kwenye mfumo Asteria alikuwa na sifuri mfululizo kuanzia mwezi wa tatu.

"Ijumaa hii alama za maendeleo zinakwenda wilayani," mwalimu alimwambia, Jumatatu moja ya mwezi wa kumi. "Kazi zako ninazo, ila akaunti imefungwa, siwezi kuziingiza. Ama baba aje mwenyewe abadilishe namba, ama mama alete barua ya mtendaji kwamba baba ni marehemu. Nimeshamwambia mama mara ngapi?"

"Mara nyingi, mwalimu."

"Anasemaje?"

"Anasema hawezi kumuua mtu kwa barua."

Mwalimu alipangusa kioo cha simu yake kwa shati. Kwa desturi, kila Jumatatu alikuwa akiandika ujumbe kwa namba ya Mayala, ili akiulizwa awe na ushahidi kwamba alijaribu. *Mzazi wa Asteria, naomba tuwasiliane, mtoto anakosa masomo.* Ujumbe ulikuwa ukikaa na tiki moja ya kijivu, na wiki mbili tatu za karibuni hakujisumbua hata kurudi kuutazama. Sasa alitaka kumwonyesha mtoto jinsi alivyohangaika, akaufungua. Akasogeza simu karibu na dirisha.

Ujumbe wa asubuhi ile ulikuwa na tiki mbili za bluu. Alipopandisha juu, na ule wa wiki iliyopita, na ile yote ya nyuma.

"Asteria," alisema polepole, "baba yako amesoma."

Msichana alirudi nyuma mpaka akagusa ukuta. "Siyo yeye, mwalimu."

"Unajuaje?"

Asteria aliinama kutazama viatu vyake. Nyuma yake, kwenye foleni ya simu ya darasa, Hosiana alikuwa amesikia kila kitu.


Kabla ya saa saba mji mzima ulikuwa na habari. Mariana alikuwa sokoni mbele ya mafungu yake ya dagaa, na mama yake Hosiana alikuja akihema, khanga mkononi.

"Mama Asteria, mumeo yuko hewani. Anasoma meseji za mwalimu."

Mariana hakuuliza mara mbili. Alifuta mikono yenye magamba kwenye doti yake, akatoa kitochi, akabonyeza jina ambalo kidole kililijua bila macho. Ikaita. Wanawake wa meza za jirani waliacha kupimia wateja.

"Haloo," ilisema sauti ya mwanamke.

Mariana aliitazama simu, akairudisha sikioni.

"Haloo, nani mwenzangu?"

"Naomba Baba Asteria."

"Nani?"

"Mwenye simu. Mpe mwenye simu."

"Mwenye simu ndiye mimi, dada."

Pale sokoni mtu mmoja aliguna, mwingine akasema kwa sauti ya chini lakini siyo ya chini sana kwamba yeye alishasema tangu zamani. Mariana aliwasikia. Aligeuza mgongo.

"Dada, mimi sina ugomvi na wewe," alisema kwenye simu. "Mimi ni mke wake. Kama anaishi hapo, aishi. Nataka nisikie kikohozi chake tu, basi nitakata."

Upande wa pili kulikuwa na mngurumo wa mashine, kisha mngurumo ukapungua, inaonekana mwanamke yule alitoka nje.

"Uko wapi, dada?"

"Masumbwe."

"Mimi niko Kagongwa, kwenye mashine ya kukoboa mpunga, ukishuka stendi uliza Philomena. Hapa sina mume wa mtu. Lakini nikikueleza kwa simu hutaniamini. Njoo."

Mariana alirudisha kitochi kifuani. Walimtazama wakitegemea machozi au matusi, na wakashangaa kumwona anacheka. Alikuwa anacheka kwa raha. Mwanamume aliyeoa Kagongwa ni mwanamume mzima, anakula, anakohoa, anasoma meseji. Alikuwa radhi kuchekwa soko zima, miaka yote iliyobaki, kwa aibu ya namna hiyo.

Jioni Nkwabi alikuja kumzuia. "Shemeji, ukienda huko utarudi na aibu."

"Nitaibeba. Nimebeba nyingi," alisema, akaendelea kupasha pasi ya mkaa. Alipiga pasi shati la Mayala la mistari, la kwendea kanisani, akalikunja akaliweka kwenye kikapu. Asteria alisimama mlangoni akiangalia mikono ya mama yake inavyolainisha kola. Alitapika nyuma ya jiko, na alipoulizwa alisema ni maharage.


Philomena alikuwa mama wa makamo, mweupe kwa vumbi la pumba kuanzia kilemba hadi kope. Aliwakaribisha kwa Kisukuma, "Mwangaluka, mayu," akawatolea viti nyuma ya mlima wa pumba ambako kelele ya mashine ilikuwa afadhali. Hakuwa amejiandaa kwa shari. Alikuwa amejiandaa kwa karatasi. Alitoa kwenye sidiria karatasi iliyokunjwa mara nne, na simu yake.

"Laini hii nimeinunua wiki tatu zilizopita, kwa kijana wa mwamvuli pale stendi. Inashika hapa mashineni mchana tu, jioni kwangu hakuna mtandao. Nikaweka alama ya kidole, hii hapa karatasi, soma. Baada ya wewe kupiga nikarudi kumuuliza. Anasema laini ikikaa muda mrefu haitumiki, kampuni inaichukua, inamuuzia mwingine. Hata yeye hajui ilikuwa ya nani."

Mariana hakuishika karatasi. "Na meseji?"

"Hizi. Kila Jumatatu, saa mbili kamili, naletewa namba sita, usimpe mtu yeyote. Nikasema wezi wa mtandaoni hao, sikumpa mtu yeyote. Halafu anakuja mwalimu, mtoto anakosa masomo, mtoto anakosa masomo, zimerundikana tangu mwezi wa tatu. Nikasema wezi wa siku hizi wana huruma." Alitaka kucheka akaona si mahali pake. "Nisamehe, mayu. Ningejibu. Niliogopa."

Mariana alisogeza kikapu miguuni. Kisha akaanza kuipanga upya hesabu yake, kwa sauti, kama mtu anayemweleza hakimu.

"Sawa. Laini ilikufa, wakaiuza. Sawa. Lakini siku duara linatitia ilikuwa inaita. Siku ile, na kesho yake, mpaka keshokutwa. Shimoni hakuna mtandao. Yeye simu haiachi juu, hata umwambie nini. Kwa hiyo hakuwa shimoni."

"Mambo ya shimo mimi siyajui," alisema Philomena taratibu.

"Kwa hiyo hakuwa shimoni," Mariana alirudia, akimtazama binti yake sasa, akitaka amuunge mkono kama alivyomuunga siku zote kwa kunyamaza.

"Mama," alisema Asteria. "Aliiacha juu."

"Nani?"

"Baba. Aliiacha kwa Davis wa kuchaji. Mimi ndiye nilimwomba. Kwa ajili ya namba ya Jumatatu, nilikuwa na jaribio."

Mashine iliendelea kunguruma. Vumbi la pumba lilikuwa linatua kwenye kikapu, na Mariana akalifuta kwa kiganja kabla ya kuuliza.

"Uliongea naye asubuhi ile?"

"Niliongea na Davis. Baba alikuwa ameshashuka."

"Davis alikwambia ameshashuka?"

"Alisema, mzee ameshazama chini, andika nikusomee."

"Ameshazama chini," alisema Mariana. Aliyaonja maneno hayo. "Na mimi nikakubandika simu sikioni."

"Ndiyo, mama."

"Miezi saba nakaa pale mlangoni napiga, na wewe umekaa ndani unanisikiliza."

"Ndiyo."

Asteria alisubiri kofi. Alilitamani, kwa sababu miezi saba alikuwa akilala na kuamka na jambo lile kifuani na hakuna mtu aliyempiga kwa ajili yake. Mama yake hakuinua mkono. Alitoa shati kikapuni, akalikunjua, akalikunja upya kola ikiwa juu, akalirudisha. Philomena akaenda kuleta maji, na alipompa kikombe alikishika kwa mikono miwili asinywe.

Walipoinuka kuondoka Philomena aliwasindikiza mpaka barabarani. Alikuwa na jambo, na alilisema akiangalia chini.

"Mimi naweza kumsomea mtoto hizo namba. Kila Jumatatu, mpaka amalize mtihani. Hainigharimu kitu. Hata ya jana ninayo hapa, bado inafanya kazi. Hutahitaji kwenda kwa mtendaji wala kuandika barua. Kwenye mashine ya shule itaonekana baba yake yupo tu."

Ilikuwa zawadi, na Mariana aliijua. Angeweza kuipokea. Mayala angeendelea kuthibitisha kila Jumatatu saa mbili, mtoto angefanya mtihani, na kigoda kingebaki mlangoni. Alisimama na wazo hilo muda mrefu kiasi kwamba basi la Kahama lilipita na likaondoka bila wao.

"Hapana, dada," alisema mwishowe. "Asante. Mtoto ameshasoma na maiti vya kutosha."


Ofisi ya mtendaji ilifunguliwa saa tatu siku ya Jumatano. Mtendaji, Ritha, alikuwa mwanamke mdogo kwa umri kuliko Mariana, na kwenye foleni kulikuwa na watu waliokuwa wamekaa kwenye mikeka ya Mariana mwezi wa tatu na kunywa chai yake. Walimpisha mbele. Hilo lilimuumiza kuliko kama wangemcheka.

"Jina la marehemu?"

"Mayala Ndaki."

"Tarehe?"

Akaitaja.

"Wenzako sita waliandikisha wiki ileile, Mama Asteria. Mimi mwenyewe nilikuja kwako na fomu, ukanifukuza. Sasa nikiulizwa kwa nini umechelewa miezi saba, niandike nini?"

Mariana alifikiri. Asteria, aliyekaa benchi la nyuma kama shahidi, aliona aibu inampanda masikioni, akajiandaa kusikia jina lake.

"Andika simu yake ilikuwa juu," alisema Mariana. "Yeye alikuwa chini. Sisi tukachanganya."

Ritha alimtazama, akamtazama na binti, akaandika neno lake mwenyewe, akagonga muhuri.

Alhamisi walikwenda shuleni pamoja na barua. Mwalimu Gregory aliisoma akiwa amesimama, akakaa, akafuta namba moja na kuandika nyingine. Kitochi cha Mariana kilitetemeka kifuani. Alikisogeza mbali na macho, akaanza kusoma, kila namba peke yake, kwa sauti ya mtu anayesoma mbele ya watu kanisani. Nne. Sifuri. Saba. Saba. Moja. Tisa.  Alama ya kusubiri ilizunguka kidogo kiooni, kishikwambi kikaandika *Karibu, Asteria*, na chini yake, *Mzazi: Mariana*.

Alama zake zikajitokeza. Sifuri, sifuri, sifuri, zikishuka mpaka mwezi wa tatu, na pale palikuwa na namba moja tu yenye uhai. Mariana aliinama akaweka kidole juu yake.

"Hii ya lini?"

"Ya siku ile, mama."

"Themanini na mbili." Alikaa akiiangalia. "Alijua umepata ngapi?"

"Zilitoka saa tano. Nilitaka kumwambia jioni."

Mariana aliondoa kidole kwenye kioo, akaona kimeacha alama, akaifuta kwa upande wa khanga. "Ungeniambia mimi," alisema. Kisha akamgusa mtoto kisogoni, mara moja, mbele ya darasa zima, akatoka kwenda sokoni kwa sababu dagaa hawangojei mtu.


Jumamosi Nkwabi alirudi kutoka Buseresere, alikokwenda kumtafuta Davis. Davis alikuwa amehamia huko baada ya kambi kufungwa, ana kibanda kingine cha kuchaji simu, na hakumsumbua mtu. Alimwona Nkwabi tu, anayefanana na kaka yake, akainuka akaingia nyuma akatoka na bahasha. Simu ilikuwa ndani, imeandikwa MAYALA kwa peni. Alisema siku ile na kesho yake iliita mpaka akashindwa kuitazama. Alijua ni mke, na hakujua atamwambia nini, akaizima Jumatano asubuhi.

"Ina chaji," Nkwabi alimwambia shemeji yake, kwa mshangao, akiiweka mkekani. "Anasema kila mwezi alikuwa anaichaji. Nikamuuliza kwa nini. Anasema mteja alimwachia aichaji."

Ilikuwa mchana, jua kali, kuku wamelala kivulini. Kitochi hakikuweza kuingia kwenye kundi la wazazi, na Mariana alikuwa mzazi sasa, kwa hiyo Asteria alitoa laini ya mama yake akaiweka kwenye simu ya Mayala. Mwalimu Gregory akamwingiza kundini, na baada ya dakika chache akaandika tangazo. Aliandika vizuri. Alisema darasa limepokea kwa masikitiko taarifa rasmi ya kifo cha mzazi mwenzao Mayala Ndaki.

Simu ikaanza kulia ikifuatana. Asteria alimsomea mama yake. Mama Hosiana, poleni sana. Baba fulani, pole shemeji. Vijipicha vya mikono iliyokunjwa, mishumaa, mikono iliyokunjwa. Nkwabi aliitikia kila moja kwa kutikisa kichwa. Mariana alikaa miguu amenyoosha, macho makavu, akisema "asante" kwa kila jina kana kwamba wako pale mlangoni.

Kisha Asteria akaacha kusoma.

"Nani?" aliuliza mama yake.

Msichana alimgeuzia kioo. Mariana hakuwa msomaji mwepesi, lakini jina lile alilijua kwa umbo lake, alilibonyeza kila jioni miezi saba. Lilikuwa limehifadhiwa kwenye laini yake na limekuja na laini yake.

*Baba Asteria: Poleni sana wafiwa. Mungu awape nguvu.*

"Ni Philomena, mama," alisema Asteria haraka. "Namba ni yake sasa. Bado iko kundini, ndiyo maana. Ni jina tu ulivyoliandika."

"Najua ni Philomena."

"Nilibadilishe?"

Nkwabi alikohoa, na kikohozi chake kilikuwa kile cha kaka yake, na Mariana aliinua uso haraka halafu akaurudisha chini.

"Libadilishe," alisema. "Mwandike Philomena wa Kagongwa. Ni mtu mwema. Nipe nione unavyofanya."

Asteria alisogea karibu, bega kwa bega, akashika simu katikati yao. Aligusa jina, kisha akagusa mahali pa kufutia. Herufi zilianza kuondoka kutoka mwisho, moja moja, kila alipogusa. Ikabaki Baba Aste. Ikabaki Baba A. Mariana aliifuata kwa macho bila kupepesa. Ikabaki Baba. Asteria akasita, mama yake akamwambia endelea, akaendelea. Ikabaki Ba, ikabaki B, halafu palibaki nafasi nyeupe na kijistari kinachowaka na kuzima, kikisubiri jina.

Hapo Mariana akapiga yowe.

Lilitoka refu, likavuka ua, kuku wakaruka kutoka kivulini. Asteria alimkumbatia kiunoni naye akaanza, sauti yake ikiwa juu zaidi. Nkwabi alitoka nje, akaenda kutafuta kuni za moto wa matanga. Ng'ambo ya barabara mama yake Hosiana alikuwa anapepeta mchele. Alisikiliza mara moja tu, akaweka ungo chini, akajifunga khanga, na kabla hajafika kwenye kona aliona wenzake wanatoka majumbani, mmoja na sufuria, mwingine na mkeka kichwani, wanakuja.